Kwaresima Iliyomnyamazisha Dada

Dada yangu analia tik. Sisemi kwamba ni mtu wa kelele. Nasema kifuani mwake kuna kitu kinagonga tik, tik, tik, kama saa ya ukutani ya bei rahisi, na ukikaa naye kwenye chumba kimya utaisikia hiyo tik kabla hujasikia sauti yake.

Ni valvu ya moyo. Alipokuwa mdogo mafindofindo yalimsumbua kila msimu wa mvua. Huku kwetu Tlawi, kwenye baridi na ukungu, mtoto mwenye mafindofindo si habari, kwa hiyo alitibiwa kwa maji ya chumvi na maombi. Koo lilipona, ila homa yake ikashuka chini ikala mlango mmoja wa moyo. Alipomaliza kidato cha nne alikuwa hawezi kupanda kilima cha kwetu bila kukaa chini kila baada ya nyumba mbili. Wakampeleka Dar es Salaam, wakamfungua kifua, wakatoa mlango mbovu, wakaweka wa kwao, mgumu, wenye vibao viwili vinavyofunguka na kufunga. Kila vikifunga, tik.

Mimi ndiye mdogo wake. Mungu akinipa dada anayelia tik, halafu akategemea nikae kimya, basi bado hajanifahamu vizuri.

Wageni wakija nilikuwa nawaambia wasiogope, halipuki mpaka akasirike. Fundi mmoja wa pikipiki wa Tumati alikuwa akimpigia simu jioni, na dada alikuwa akijibu kwa sauti ya mtu anayepiga miayo, "Nipo tu, kawaida." Mimi nakaa nyuma yake nasikiliza. "Kawaida gani," namwambia, "mbona moyo unakimbia kama pikipiki yake ikipanda mlima?" Mwishoni mwa mwaka jana, siku moja alipolala mchana, nilichukua simu ya mama nikaiweka mgongoni kwake, nikarekodi ule mlio, nikaufanya kuwa mlio wa simu za baba. Baba anaendesha trekta kwenye mashamba ya ngano huko Hanang na anapiga kila Jumamosi. Akipiga, moyo wa binti yake unaita. Mama alikuwa anajua, anajifanya hajui. Dada alikuwa hajui kabisa, maana Jumamosi mchana huwa kanisani kwaya.

Shida ilikuwa kanisani. Padre anainua hostia, watu wote wamepiga magoti, hata watoto wachanga wameona aibu kulia, ndipo unasikia tik, tik, tik. Benchi la mbele wanageuka kutafuta saa ya nani. Dada anabana khanga kifuani kama mtu anayefunika sufuria inayofurika. Mimi natazama kifundo cha mkono wangu kama nina saa, halafu natingisha kichwa kwamba padre amechelewa.

"Unamdhihaki Mungu," bibi ananiambia tukitoka.

"Bibi, mimi sijalia tik."

"Wewe unacheka tik. Ni mbaya zaidi."

Bibi ndiye mwenye nyumba yetu. Mama amezaa, baba anatuma pesa, lakini amri zinatoka kwa bibi. Na bibi alikuwa ameshaamua kwamba ule mlio ni mzigo ambao Mungu anaweza kuutua. Kila jioni, rozari ikiisha, aliongeza ombi lake: wewe uliyenyamazisha bahari, nyamazisha na hiki.

Hapa inabidi nieleze habari za wafarini, maana bila hiyo huwezi kuelewa tulivyokaribia kumuua mtu kwa mchicha.

Damu ikikutana na kitu kigeni inataka kugandia hapo. Mlango wa kutengenezwa ni kitu kigeni, hata kama umelipiwa. Kwa hiyo dada anameza kidonge cha wafarini kila jioni, maisha yake yote, ili damu yake isiwe na haraka ya kuganda. Daktari wa kliniki, kijana mrefu mwenye sauti ya kusinzia, ndiye aliyetueleza inavyokwenda. Ini linatengeneza protini za kugandisha damu, lakini zikitoka tu hivyohivyo hazifanyi kazi. Lazima kwanza zibandikwe kipande kidogo cha kikemia, na ubandikaji huo hauwezekani bila vitamini K. Protini ikishapata kile kipande inaweza kushika kalsiamu, na ikishika kalsiamu ndipo inaweza kung'ang'ania pale palipokatika. Isipokipata, ipo, inazunguka na damu, lakini ni kama haipo.

"Kama jembe bila mpini," nikasema.

Daktari akanitazama kidogo. "Ndiyo. Kama jembe bila mpini."

Nimeishi kwa sifa hiyo mpaka leo. Ini ni mhunzi, anafua majembe bila kupumzika. Vitamini K ndiyo inayotia mipini. Wafarini haivunji jembe hata moja, kazi yake ni kuizuia vitamini K isirudi kazini ikishatumika, kwa hiyo majembe mengi yanatoka bila mpini. Ukiyahesabu utaona yapo tele, lakini hayalimi. Ndivyo tunavyotaka kwa dada, yalime kidogo, asitokwe damu ovyo, ila yasilime sana. Na vitamini K inapatikana wapi kwa wingi? Kwenye mboga za majani. Mtu wa wafarini akiongeza mboga ghafla, ni kama umeshusha lori la mipini mlangoni kwa mhunzi.

"Hatumkatazi mboga," daktari akasema. "Ale kila siku, kiasi kilekile. Sisi tunapanga dawa kufuatana na hicho kiasi. Asibadilishe."

"Mboga zinaongeza damu," bibi akamwambia, kwa upole ambao huwa anawapa watu waliosoma sana.

"Sawa, mama. Lakini kiasi kilekile."

"Kiasi ni mambo ya chumvi," bibi akaniambia mimi nje, mbali na daktari.

Basi ikafika Kwaresima. Jumatano ya Majivu, paji la uso likiwa bado jeusi, bibi akatangaza nadhiri ya nyumba nzima. Hakuna nyama, hakuna maziwa, hakuna mayai mpaka Pasaka, na nia ni moja, kifua cha mjukuu wake kinyamaze. Maharage ya zamani yalikuwa yamekwisha na mapya bado yanatoa maua. Mvua nayo ilikuwa imeshuka vizuri, ukitupa jicho popote ni mnavu, figiri, majani ya maboga, na chainizi ya mama iliyonenepa nyuma ya zizi. Kwa hiyo mchana tulikula ugali na mboga, jioni mboga na viazi. Asubuhi ilibaki chai ya rangi, nadhani kwa sababu bibi hakupata njia ya kutia mnavu kwenye chai.

Mimi nilipinga. Nilisema ng'ombe wetu watatuona wanafiki. Nilipinga kwa ajili ya nyama, nisidanganye, habari za mipini hazikunijia hata kidogo. Dada hakupinga. Nadhiri ilikuwa yake, watu wazima wanajinyima kwa ajili yake, angewezaje kusema mimi naomba kidogo? Bibi akimwongezea, anakula. Bibi akimtazama, anajiongezea mwenyewe.

Siku ya kliniki, ya kupima damu ya dada, barabara ilikuwa tope tupu, pikipiki zinasukumwa badala ya kupandwa. Mama akasema wiki ijayo. Wiki ijayo nayo ikanyesha.

Ilikuwa Ijumaa moja kwenye Njia ya Msalaba. Tulifika kituo cha Yesu kuzikwa, katekista akanyamaza kirefu kama anavyopenda, na mimi nikawa nimeshaandaa uso wangu wa kutazama saa. Nikasubiri. Kimya. Nikasogea karibu na dada. Kimya tu, kuku wa nje ndiye aliyesikika. Nikabaki na uso wangu mkononi, sijui niupeleke wapi.

Bibi naye alikuwa amesikia ule ukimya. Tulipokaa jumuiya baada ya hapo, akasimama, akarekebisha shuka lake, akasema Mungu amejibu. Mjukuu wake amenyamazishwa. Mama mmoja akapiga vigelegele, akakumbuka ni Kwaresima, akavikata katikati. Katekista akaahidi kwamba shukrani hiyo itatangazwa Jumapili ya Matawi mbele ya watu wote.

Nilimtazama dada. Alikuwa anatabasamu vile ambavyo sikuwa nimemwona tangu arudi kutoka Dar es Salaam. Hakuna aliyekuwa amegeuka kumtazama ibada nzima.

Kesho yake asubuhi tulikwenda kuchota maji.

"Umefurahi?" nikamuuliza.

"Nimelala usingizi wa watu. Wewe hujui kulala na saa ndani ya mbavu."

"Sasa mimi nitafanya kazi gani?"

"Soma. Jaribu hiyo."

Tukapanda. Katikati ya kilima akatua ndoo, akashika kiuno.

"Mbona unasimama?"

"Nimefunga. Tumbo tupu."

"Tumbo tupu wapi, jana umemaliza sufuria ya mnavu peke yako."

"Funga mdomo, we kichaa, tupumzike."

Kwaya haikuwepo mchana ule kwa sababu ya mvua, kwa hiyo dada alikuwa nyumbani, anachambua majani ya maboga, simu ya mama iko mezani mbele yake. Baba akapiga.

TIK. TIK. TIK. TIK.

Dada akaruka na majani yake. "Hiyo ni nini?"

"Ni baba," nikasema, nikirudi nyuma taratibu.

"Huo mlio ni nini?"

"Ni wewe. Ni wewe wa mwaka jana, ulikuwa umelala."

Alishika kijiti cha kuni, na nilistahili. Lakini hakunipiga. Alisimama pale anaisikiliza simu, kichwa amekiinamisha, kama mtu aliyeitwa kwa mbali.

"Nilikuwa nalia hivyo? Wazi hivyo?"

"Kanisa zima shahidi."

Akaweka kiganja kifuani. Simu ilikuwa inaendelea kugonga, kavu, safi, kama kokoto kwenye bati. Nikamwendea nyuma nikabandika sikio mgongoni kwake. Mlio ulikuwepo. Haukuwa umeondoka. Ila haukuwa tik tena, ulikuwa pu, pu, kama saa iliyoviringishwa kwenye blanketi ikasukumwa chini ya kitanda.

"Pokea simu ya baba yako," mama akasema akiingia.

"Subiri kwanza, mama," nikasema. "Baba ndiye kipimo."

Simu ikakatika. Baba, mtu mvumilivu, akapiga tena. Mama akasikiliza simu, akabandika sikio mgongoni kwa dada, akasikiliza simu. Sura yake ikabadilika polepole.

Bibi alikuwa ameshafika mlangoni. "Mwacheni. Hilo nimeliomba mwenyewe."

"Bibi," nikasema, "mlango ukiacha kugonga si lazima umefungwa vizuri. Inawezekana kuna kitu kimekaa katikati."

"Wewe tangu lini unajua milango ya Mungu?"

"Huu si wake, Bibi. Wake tuliutoa."

Fimbo ilinipita sikioni. Mama hakutujali sisi wote wawili. Alimshika dada mkono, akamuuliza kwa sauti ya chini, "Unapumuaje?"

Dada akajibu, "Nikilala chali pumzi haitoshi. Nilidhani ni kufunga."

Mama akachukua khanga nyingine na sweta. Hakuomba ruhusa ya mtu.

Tulipanda pikipiki mbili. Dada akakaa katikati ya dereva na mama, mimi na bibi tukafuata nyuma kwenye lile tope, maana bibi alikataa kubaki. Njia nzima alisali kwa sauti. Dereva wetu alivumilia mpaka kwenye kona.

"Bibi, egemea."

"Naegemea kwa Bwana."

"Egemea kulia, Bibi. Kwa Bwana baadaye."

Hospitalini, kijana wetu wa kusinzia alimwekea dada kipima moyo kifuani, na kwa mara ya kwanza nilimwona akiwa macho kabisa. Wakachukua damu. Wakampaka mafuta kifuani wakampitisha kwenye mashine ya kuangalia moyo. Bibi alimsalimia kila aliyepita, na wadogo wakamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku anatazama mlango wa chumba cha vipimo.

"Damu yake imekuwa nzito kama ya mtu asiyemeza dawa," daktari akasema.

"Si ndiyo vizuri?" bibi akauliza.

"Kwako wewe, mama, ni vizuri. Kwake ni hatari. Damu imeanza kuganda kwenye bawaba ya valvu. Kibao kimoja kinafunguka nusu." Akatutazama. "Dawa anameza?"

"Kila siku," mama akasema.

"Amekula nini?"

Mama akamtazama bibi. Bibi akatazama sakafu. Ikabidi niseme mimi.

"Amekula Kwaresima, daktari."

Hakucheka, na kwa kweli sikuwa nimetania. Alieleza mambo mawili, akayaeleza kwa maneno machache. Bonge hilo likikua, mlango utakwama. Kipande chake kikikatika kikapanda kichwani, ni kiharusi. Wakaanza kumchoma sindano za kuzuia kuganda zinazofanya kazi upesi, wakaongeza wafarini, wakasema tutaangalia tena. "Mngengoja Pasaka," akasema, kisha hakumalizia.

Kwenye benchi la nje bibi alikaa bila kusali. Nilimzoea akisali, hilo lilinitisha kuliko maneno ya daktari. Halafu akaniambia, "Nieleze. Hayo ya ini."

Nikamweleza. Protini hakuishika, jembe alilishika mara moja, amelima miaka yote ya maisha yake. Akauliza maswali mazuri. Kwa hiyo majembe hayakuongezeka? Hayakuongezeka, Bibi, ni yaleyale, yamepata mipini tu. Na mpini ni kitu kidogo hivyo? Kidogo mno, huwezi kukiona.

"Na mipini nimempelekea mimi," akasema. "Nilikuwa namjazia sahani."

Nilikuwa na utani tayari, mzuri tu. Nikaumeza.

Siku zilizofuata nililala kwa mjomba karibu na hospitali, shule nikaisahau, nayo nadhani ilinisahau kwa furaha. Daktari akipita wodini nilimfuata na maswali. Akaniambia mambo ya kubandika hayako kwenye damu pekee. Ndani ya kila seli protini zinabandikwa na kubanduliwa vipande vidogovidogo mchana kutwa, hiki kinaiamsha protini, kile kinailaza, kingine kinaipa amri ikavunjwe, na magonjwa mengi yanaanza pale kipande kinapobandikwa pasipotakiwa au kisipobandikwa panapotakiwa. Nikamwuliza kama ina maana sisi wote ni stika tu zinazotembea. Akasema niende nikasome, maana mtu wa maswali kama hayo akikosa cheti atakuwa kero ya bure.

Kuhusu chakula alisema arudi kula kama zamani, mboga kidogo, kila siku, na vingine kama kawaida. Hapo ndipo nadhiri ikaja kutukaa kooni. Nilimwona bibi akiigeuza kichwani. Nadhiri ilikuwa ya nyumba nzima, kwa hesabu yake mtu mmoja hawezi kutoka peke yake, ni kama kutoa mguu mmoja wa kiti. Siku ya Ijumaa, Ijumaa ya Kwaresima kabisa, akanishika mkono akanipeleka kwenye kibanda cha supu nje ya geti. Akaagiza supu ya mbuzi. Pale palikuwa na watu wa kigango chetu waliokuja kumwona mgonjwa wao, wamekaa na chai kavu, wanamtazama.

"Nimeiweka mimi," akawaambia, "naivunja mimi." Akala, uso umekunjwa kama anakunywa dawa ya minyoo. Akamaliza. Akasukuma bakuli. "Ongeza."

"Bibi, la pili ni la nini?"

"Kuhakikisha imevunjika."

Jioni ile wakampitisha dada tena kwenye mashine. Mama alikuwa ananishika bega kwa nguvu mpaka likafa ganzi, na sikumwambia. Daktari alitazama kirefu, akageuza kile kifaa, akatazama tena. Kibao kilikuwa kinafunguka, bado kizito kidogo, lakini kinafunguka. Bonge lilikuwa linaisha. Damu yake imerudi pale tunapoitaka. Dada alikuwa amelala pale anatazama dari, machozi yanaingia masikioni.

"Unalia nini, umepona," nikamwambia.

"Nilikuwa nimependa kimya," akasema. "Ndiyo hivyo. Nilikuwa nimekipenda sana."

Nikakaa kitandani kwake mpaka nesi akanifukuza.

Bibi alisubiri mpaka daktari akatoka, akamfuata kwenye korido. "Nilimshukuru Mungu kwa lile bonge," akamwambia. "Nilimshukuru mbele ya jumuiya nzima, naye akanyamaza, akapokea."

"Hilo, mama, labda umuulize padre."

"Padre ni kijana, utamwonea." Akaniomba simu ya mama, akaniamuru nimpigie katekista, akaishika mbele ya mdomo kama anayetaka kuing'ata. Nilisikia yote, katekista ana sauti ya kutosheleza kigango.

"Ile shukrani ya Jumapili ya Matawi," bibi akasema, "iondoe."

"Shukrani haiondolewi, mama. Ikishatolewa imetolewa."

"Basi igeuze. Sema tunashukuru kwa sababu ameanza tena kupiga kelele."

"Mama, watu watanielewa kweli?"

"Wakikuuliza, waambie ni mambo ya majembe."

Katekista, mtu mwema, akasema ameelewa, ingawa hakuelewa. Akauliza hali ya mgonjwa, akauliza anakula. Akasema kesho anashuka na mke wake kuja kumwona, na kwamba mchicha wa shambani kwake umestawi sana mwaka huu, wamchumie gunia zima.

Bibi akakata simu.